Mkoba wa Paris na Magunia ya Kitale



Wasomaji wetu watukufu, wazazi na walezi, juma hili twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa mbali na nyumba zetu: bei za nguo, viatu na mikoba ya majina makubwa ya Ulaya, ambazo katika miaka michache iliyopita zimepanda kwa kasi isiyo ya kawaida. Huenda mtu akauliza, yatuhusu nini sisi, ilhali hakuna kati yetu anayenunua vitu hivyo? Jawabu letu ni kwamba yatuhusu sana. Ushahidi wake tumeuona Kitale na Bungoma, kwa ndugu na jamaa zetu wa bara, ambao watoto wao hutembea na majina hayo kifuani na miguuni bila ya kuwahi kuuona mlango wa duka lake. Na tuliyoyaona huko ndiyo yaliyopo Mombasa, Malindi na Lamu.

Hesabu ya mkoba mmoja

Tuanze na mfano mmoja. Kampuni ya Chanel ya Ufaransa hutengeneza mkoba wa kike wa ngozi, wenye kifuniko na mkufu wa kuning'iniza begani, ambao sura yake haijabadilika sana tangu miaka ya 1980. Mwishoni mwa mwaka 2019 mkoba huo wa ukubwa wa kati uliuzwa Marekani kwa dola 5,800. Kufikia mwaka 2024 bei yake ilikuwa dola 10,800. Ni mkoba ule ule, wa ukubwa ule ule, na wenye kazi ile ile ya kubebea funguo, leso na simu.

Dola 10,800 ni takriban shilingi milioni 1.4 za Kenya. Sasa tuupeleke mkoba huo Kitale, mji ambao riziki ya watu wake imefungamana na mahindi. Mwaka 2023 Serikali ilitangaza kwamba Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao ingenunua mahindi kwa shilingi 4,000 kwa gunia la kilo 90, na wakulima wakaiona bei hiyo kuwa ni ahueni. Kwa bei hiyo, mkoba mmoja ni sawa na magunia 350, yaani tani 31 na nusu za mahindi. Shamba lililotunzwa vyema likitoa magunia 20 kwa ekari, hayo ni mavuno ya ekari 17 na nusu, kabla mkulima hajatoa gharama ya mbegu, mbolea, trekta na vibarua. Wakulima walio wengi wa Trans Nzoia hawana hata ekari tano.

Hatukuifanya hesabu hii ili tumhusudu anayeununua mkoba huo kwa mali yake ya halali. Tumeifanya ili tupate kuuliza swali linalofuata: kwa nini bei imepanda kiasi hicho, na imepandishwa kwa ajili ya nani?

Bei kama ukuta

Wenye kampuni hutoa sababu zao: ngozi imepanda, mishahara ya mafundi imepanda, na usafirishaji ulipanda baada ya maradhi ya Korona. Zipo chembe za ukweli katika maneno hayo, lakini hazitoshi kueleza kitu kukaribia bei maradufu kwa muda wa miaka mitano. Mwaka 2024 mahakama ya Milan, nchini Italia, ilipochunguza karakana zilizokuwa zikiifanyia kazi kampuni moja ya Dior nchini humo, nyaraka za waendesha mashtaka zilieleza kwamba karakana mojawapo ililipwa yuro 53 kwa kuunganisha mkoba uliouzwa dukani kwa yuro 2,600, bila ya kuhesabu ngozi. Kampuni yenyewe iliipinga hesabu hiyo, ikisema kwamba mafundi hao walifanya sehemu tu ya kazi. Hata tukiwapa haki yao ya kujitetea, pengo kati ya jasho la fundi na bei ya dukani labaki kuwa pana mno.

Basi pengo hilo lalipiwa nini? Lalipiwa jina. Na jina la namna hii lina tabia ya ajabu: thamani yake hupungua kila linapoenea kwa watu wengi. Chumvi haiharibiki kwa kuliwa na kila mtu, wala mchele. Lakini mkoba wa jina kubwa ukionekana kwa kila abiria wa matatu, aliyeununua kwa mamilioni ataona ameibiwa. Kwa hiyo kampuni hujenga ukuta, na matofali ya ukuta huo ni bei.

Takwimu zaonyesha kwamba ukuta umefanya kazi yake. Bain, kampuni ya ushauri inayoichunguza biashara hii kila mwaka, ilikadiria mwaka 2024 kwamba wateja wapatao milioni 50 duniani walikuwa wametoka katika soko la vitu vya anasa kwa muda wa miaka miwili tu. Baadhi yao walishindwa na bei, na baadhi walichoka. Ilielezwa pia kwamba kiasi cha wateja wawili katika kila mia ndio wanaoleta takriban asilimia 40 ya mauzo. Mfanyabiashara wa kawaida, awe wa Kongowea au wa Chwele, akiona wateja wanaondoka hushusha bei au huongeza kipimo. Hawa waliendelea kupandisha. Mwaka 2022 Chanel ilitangaza kuwa itafungua maduka ya faragha kwa wateja wake wakubwa, mahali ambapo hata mwenye fedha za kununua mkoba mmoja hataingia.

Kuna hata walioona ni bora mali iungue kuliko kuvaliwa na asiyetarajiwa. Kampuni ya Burberry ya Uingereza ilikiri mwaka 2018 kwamba katika mwaka mmoja wa hesabu iliteketeza bidhaa ambazo hazikuuzwa, zenye thamani ya pauni milioni 28.6. Watu walipopiga kelele, ikaahidi kuiacha desturi hiyo. Nguo hizo hazikuwa mbovu, ila zingeuzwa rahisi zingelishusha jina. Katika sheria yetu, kuiharibu neema yenye manufaa bila ya dharura kuna jina, nalo ni israfu.

Mtazamaji asiyelipwa

Hapa ndipo twaingia Kitale na Bungoma. Ikiwa bei imepandishwa ili watu wachache tu wanunue, mbona kijana wa Kiminini, ambaye hata katika ndoto hayumo katika hesabu ya wateja, aijua alama ya Gucci kuliko anavyoijua alama ya kiwanda chochote cha Kenya? Mbona binti wa Bungoma aweza kuzitambua herufi mbili za Louis Vuitton akiwa upande wa pili wa barabara?

Twaona kwamba majina haya hulenga watu wa namna mbili. Wa kwanza ni yule anayenunua. Wa pili ni yule anayetazama. Tajiri hanunui ngozi peke yake, hununua jicho la mwenzake. Ataulipia mkoba shilingi milioni 1.4 kwa sharti kwamba watu wasioweza kuununua wautambue, na waitambue bei yake. Lau ulimwengu mzima haungeijua alama hiyo, mkoba ungerudi kuwa mkoba. Kijana wa Kitale ni sehemu ya biashara hii. Kazi yake ni kujua, kutamani na kusifu, na kwa kazi hiyo halipwi hata senti. Hufundishwa kazi yenyewe kupitia simu, katika video za waimbaji na picha za wachezaji mpira, saa ambazo mzazi adhani mtoto anapumzika tu.

Laiti ingekuwa ni kutazama peke yake. Hasara huja pale mtazamaji anapotaka kuvaa. Katika soko la nguo Kitale, na kadhalika Bungoma na Webuye, njia ziko mbili. Ya kwanza ni mitumba. Robota likifunguliwa, wauzaji huchambua kwanza zile bora, ambazo kwa lugha ya soko huitwa kamera, na nguo yenye jina kubwa hutengwa na kupandishwa bei hata kama mshono wake umelegea. Pembeni yake huenda lipo shati zuri zaidi lisilo na jina, linaloangukia katika fungu la mwisho, liitwalo fagia. Ukuta wa Paris umejengwa upya juu ya turubai la mitumba.

Njia ya pili ni feki: kofia, mikanda, fulana na viatu vilivyopigwa chapa ya kuigiza. Hizi mara nyingi huuzwa ghali kuliko bidhaa ya kiwango hicho hicho isiyo na chapa, na soli yake huachana na kiatu kabla ya muhula wa shule kwisha. Mzazi amelipa zaidi, amepata kidogo, na ziada yote imekwenda katika herufi mbili tatu.

Wakati wa kununua nao una mtihani wake. Mkulima wa Trans Nzoia hupata fedha kwa mkupuo mmoja, baada ya kuvuna mwishoni mwa mwaka. Mkulima wa miwa wa Bungoma husubiri zaidi ya mwaka mzima hadi miwa ikomae. Fedha zikiingia zaonekana nyingi, na watoto wana hamu ya muda mrefu. Lakini Januari kuna karo, na kabla ya mvua za Machi kuna mbegu na mbolea. Shilingi zilizokwenda katika jina la kigeni mwezi wa Desemba hutafutwa kwa mkopo wa simu mwezi wa Februari. Anayeumia ni ardhi iliyopandwa bila ya mbolea ya kutosha, au mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo hali miguuni amevaa viatu vyenye jina.

Nguo iliyotoka pwani

Sisi watu wa pwani hatupaswi kulitazama jambo hili kama lililozuka jana. Katika karne ya 19 misafara kutoka pwani ilifika Mumias, kwa Wawanga, si mbali na Bungoma ya leo, ikibeba vitambaa na shanga. Kupitia njia hizo Uislamu nao ulitia mizizi magharibi mwa Kenya. Miongoni mwa vitambaa vilivyotumika kama fedha kando ya njia za misafara ni merikani, kitambaa cha pamba kilichopata jina hilo kwa kuwa kilitoka katika viwanda vya Marekani. Kwa hiyo bara ilizoea zamani kwamba kitambaa cha mbali kina heshima kuliko cha karibu.

Na hapa pwani penyewe nguo ilikuwa ukuta. Zama za utumwa, mtumwa alijulikana kwa vazi: merikani duni au kaniki nyeusi, kichwa wazi, miguu mitupu. Vilemba, majoho na viatu vilikuwa vya waungwana. Utumwa ulipofutwa kisheria, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, wanawake waliopata uhuru walifanya jambo la busara kubwa. Walijifunika kanga, vazi ambalo bibi wa nyumba na aliyekuwa mjakazi wake waliweza kulinunua wote wawili. Ukuta ukapata ufa.

Kanga nayo ilikuwa na jina la biashara. Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara yake Mombasa mwaka 1887 na kujulikana kwa jina la Abdulla, alipiga chapa leso zake kwa maneno Mali ya Abdulla, na bibi zetu wakiyaamini maneno hayo. Hapo twaona kuwa jina si adui. Jina la Abdulla lilimwambia mnunuzi kwamba rangi haitachujuka na kitambaa ni imara, kisha leso ikauzwa kwa bei ya mama wa kawaida. Jina lilikuwa dhamana ya bidhaa. Majina tunayoyazungumzia leo yamegeuza mambo, bidhaa imekuwa kisingizio cha jina. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sheria yetu yasemaje

Tusije tukaeleweka vibaya. Dini yetu haichukii vazi zuri. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri, alibainisha kwamba kupenda uzuri si kiburi, kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Wala dini haikumkataza muuzaji kupata faida. Bei zilipopanda Madina, maswahaba walimwomba Mtume (S.A.W.) aziwekee kikomo, naye akajizuia kufanya hivyo, akichelea kumdhulumu mtu katika mali yake.

Imamu Abu Hanifa (Mwenyezi Mungu amrehemu) alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa vya thamani mjini Kufa, na mwenyewe alivaa vizuri. Imesimuliwa kwamba mwanamke mmoja alimletea nguo ya hariri akitaka kuiuza kwa dirhamu 100. Imamu akamwambia kuwa yastahiki zaidi. Mwanamke akaongeza mia baada ya mia hadi 400, na Imamu akashikilia kuwa bado yastahiki zaidi, hata mwanamke akadhani anachezewa. Akaletwa mtu wa kuitathmini, nayo ikanunuliwa kwa 500. Huyo alikuwa mnunuzi, na faida ilikuwa ni kunyamaza. Alisema kwa sababu aliamini kwamba bei ni shahada juu ya kitu, na shahada haisemwi uongo.

Wanazuoni wakatufunza pia juu ya vazi la shuhra, yaani vazi avaalo mtu ili macho yamwelekee na sifa zimfuate. Hukumu yake haitazami ghali wala rahisi, yatazama nia. Mtu aweza kuvaa kanzu ya thamani kwa shukrani, na mwingine akavaa fulana ya feki kwa kujifaharisha. Na katika feki kuna mambo mawili zaidi. Anayeiuza akidai ni ya asili amefanya ghushi, na biashara ya bidhaa bandia yakatazwa pia na sheria ya Kenya ya mwaka 2008. Anayeivaa ili adhaniwe kuwa nacho asichokuwa nacho ameuvisha mwili wake uongo, na zimekuja hadithi za kumwonya.

Twaongeza tahadhari moja. Msidhani kwamba Muislamu hayumo katika shabaha ya makampuni haya. Mwaka 2014 DKNY ya Marekani ilitoa mkusanyiko wa nguo mahsusi kwa Ramadhani, ikilenga Ghuba. Mwaka 2016 Dolce & Gabbana ya Italia ikatoa mabaibui na mitandio. Baibui lililovaliwa kwa stara likigeuzwa kuwa tangazo la utajiri, stara imebaki wapi? Na mwezi wa kufunga, uliowekwa ili tajiri aionje njaa ya maskini, utakuwaje msimu wa kumkumbusha maskini asichonacho?

Ya kufanywa nyumbani

Twawausia wazazi, wa bara na wa pwani, mambo yafuatayo.

Fedha za mavuno, za mshahara au za biashara zikiingia, zitengwe kwanza za karo, za chakula na za msimu ujao, kisha nguo za Idi zipate fungu lake linalojulikana na kila mtu nyumbani. Mtoto akijua kiasi kilichopo, hujifunza kuchagua. Asipojua, hujifunza kulalamika.

Mpelekeeni fundi cherehani kazi. Katika baraza za maduka ya Bungoma na Kitale wamo mafundi wanaoweza kushona kanzu, gauni na suruali kwa kipimo cha mtoto, na kuachia pindo la kuteremshwa mwaka ujao. Nguo hiyo haina herufi kifuani, lakini fedha yake imebaki mtaani, na huenda ikawa ndiyo karo ya mtoto wa fundi.

Mkinunua mitumba, wafundisheni watoto kuigeuza nguo ndani nje. Waangalie mshono, vifungo, zipu na unene wa kitambaa. Kisha muwaulize: lau jina hili lingeandikwa kwa ndani, pasipoonekana na mtu, ungeitaka nguo hii? Jawabu litamfunza mtoto mengi kuliko hotuba yetu.

Kwa walimu wa madrasa, mwanafunzi asisifiwe mbele ya wenzake kwa vazi. Asifiwe kwa hifdhi, kwa adabu na kwa usafi. Na kwa wale ambao Mwenyezi Mungu amewakunjulia riziki, vaeni vizuri, kwani hiyo ni haki yenu, lakini kumbukeni kuwa mtoto wa jirani yupo safu ya nyuma msikitini akitazama. Unyenyekevu wa mwenye uwezo humfundisha maskini kuridhika, jambo ambalo maneno ya mnyonge mwenzake hayawezi.

Hatuna uwezo wa kuzishusha bei za Paris, wala hatuna haja nazo. Kilicho mkononi mwetu ni macho yetu na ya watoto wetu, ambayo ndiyo mtaji mkubwa wa biashara ile. Jicho likiacha kustaajabu, herufi mbili hurudi kuwa herufi mbili, na gunia la mahindi la Kitale hurudi katika heshima yake, kwa kuwa ndilo linalolisha. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Twamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.T.) atujaalie kukinai kwa alichotupa, azisitiri nyumba zetu, azibariki mvua na mavuno ya ndugu zetu wa Kitale na Bungoma, na atuvishe sote vazi lililo bora kuliko yote, nalo ni ucha Mungu. Amin.

Wabillahi tawfiq.